Akiba ya uzeeni: bima ya maisha yenye akiba au akaunti ya benki?

Mchumia_Juani

Wakuu, heshima kwenu. Nataka kujiwekea akiba binafsi ya uzeeni, mbali na mafao ya kazini. Nina miaka 40, nataka nikifika 60 iwe imeiva, na kila mwezi naweza kutenga 10,000 bila kuyumba (sitaji aina ya fedha, kila mmoja aweke ya kwake).

Nimeletewa mapendekezo mawili. La kwanza ni bima ya maisha yenye akiba ya miaka 20. Nikifa katikati, familia inalipwa 2,400,000. Nikifika mwisho nachukua akiba na faida yake. Wakala anasema riba ni asilimia 6 na haikatwi kodi. La pili ni akaunti ya akiba benki, nayo riba asilimia 6 kwa mwaka, ila riba hiyo inakatwa kodi ya asilimia 15.

Kwa macho yangu bima inashinda waziwazi: riba ileile, kodi hakuna, na ulinzi wa familia juu yake. Kuna kitu sikioni?

Hesabu_Kwanza

Kipo, ndugu. Asilimia 6 ya benki inahesabiwa juu ya 10,000 yote. Asilimia 6 ya bima inahesabiwa juu ya kilichobaki baada ya makato. Riba zinalingana kwa jina tu.

Na makato ya bima za namna hii hayasambazwi sawasawa miaka yote. Kamisheni ya wakala, gharama za kuandika mkataba na vipimo vya afya hulipwa mwanzoni kabisa, kisha kampuni inajirudishia kwenye michango yako ya mwaka wa kwanza na wa pili. Tuchukue mfano, na ya kwako utayasoma kwenye mkataba wako: mwaka wa kwanza wanakata asilimia 60, wa pili asilimia 20, kuanzia wa tatu asilimia 5, humo humo ikiwemo gharama ya ulinzi wa kifo. Maana yake kwenye akiba yako inaingia 4,000 kwa mwezi mwaka wa kwanza, 8,000 mwaka wa pili, halafu 9,500 kwa miaka 18 iliyobaki.

Riba ikiingizwa kila mwezi kwa asilimia 6 ya mwaka, baada ya miezi 240 bima inakupa kama 4,123,000. Fedha ileile ikiwekwa yote kwa asilimia 6 bila makato wala kodi ingefika 4,620,000. Laki tano kasoro kidogo zimekwenda, na pande zote mbili umetoa 2,400,000. Ukijiuliza ni riba gani isiyo na makato ingekufikisha kwenye 4,123,000, jibu ni asilimia 5 na nukta kidogo. Hiyo ndiyo riba ya kweli ya mkataba huo.

Sasa tuitendee haki bima. Kodi ya asilimia 15 inakula 0.9 kwenye 6 ya benki, inabaki 5.1. Kwa 5.1 benki inamaliza na 4,158,000. Umeona? Zimekaribiana mno, benki imetangulia kwa kama 35,000 tu baada ya miaka 20. Na kama una watu wanaokutegemea, ulinzi wa kifo itabidi uununue pembeni. Tuseme unagharimu 300 kwa mwezi, benki inaingia 9,700, mwisho unapata 4,033,000, na hapo bima imekupita kwa 90,000. Ukitoa kodi kwenye picha, benki inashinda kwa mbali. Ukitoa hitaji la ulinzi, ni sare. Kwa hiyo anayekuambia "bima ni wizi" na anayekuambia "benki ni kupoteza muda" wote wawili wamejibu kabla ya kuuliza sheria ya kodi inasemaje na nyumbani kuna nani.

Lakini hesabu zote hizo zina sharti moja: ufike mwezi wa 240. Ukivunja mkataba mwisho wa mwaka wa tatu umetoa 360,000, na kwenye akiba ya bima kuna kama 277,000, kabla hawajakata faini ya kuvunja. Benki, baada ya kodi, wakati huohuo ungekuwa na 388,000. Hapo ndipo watu wanapoumia, na wanaumia kwa wingi kwa sababu miaka mitatu ni mifupi na maisha yana mambo. Kabla ya kulinganisha riba, jiulize kwa unyoofu kama 10,000 hiyo utaitoa hata mwaka ambao kazi imesimama.

Mama_Amana

Nakubaliana na hesabu, ila benki nayo ina mashimo yake na hayatajwi pale dirishani.

Kwanza, asilimia 6 hiyo imefungwa kwa muda gani? Akaunti ya akiba ya kawaida benki inaweza kubadilisha riba wakati wowote, na wewe utaona tangazo limebandikwa ukutani. Amana ya muda maalumu inafunga riba, lakini kwa mwaka mmoja, miwili, mara chache mitano. Hakuna benki inayokuahidi asilimia 6 kwa miaka 20. Ukiona 4,158,000 ya Hesabu_Kwanza, jua ni "kama riba itabaki hivyo".

Pili, uliza riba inahesabiwa juu ya salio lipi. Akaunti nyingi za akiba huhesabu juu ya salio la chini kabisa la mwezi. Ukiweka 10,000 tarehe 10, mwezi huo haijahesabiwa. Imeanza kuzaa mwezi unaofuata. Ukitoa 5,000 tarehe 28 na kuirudisha tarehe 2, umepunguza riba ya miezi miwili kwa shida ya siku nne. Dawa ni ndogo: agizo la kudumu liwe tarehe 1, fedha itoke yenyewe kabla hujaigusa, na akaunti hiyo isiwe na kadi.

Tatu, amana ya muda maalumu inajirudia yenyewe ikiiva, kwa riba ya siku hiyo, na mara nyingi riba ya siku hiyo ni ndogo kuliko ile waliyokuvutia nayo. Andika tarehe ya kuiva kwenye kalenda wiki mbili kabla. Fomu ya kufungulia ina kisanduku kinachouliza ikiiva ifanywe nini. Usikiache kitupu, chagua iingie kwenye akaunti yako ya akiba, kisha uamue mwenyewe.

Namna inayofanya kazi vizuri kwa akiba ya uzeeni ni ngazi. Mwaka wa kwanza unakusanya 120,000 kwenye akaunti ya akiba. Unaigawa mara tatu, 40,000 kila moja: moja unaifunga mwaka mmoja, nyingine miwili, nyingine mitatu. Kila inayoiva unaifunga upya kwa miaka mitatu pamoja na ulichokusanya mwaka huo. Kuanzia hapo kila mwaka kuna kipande kinachoiva, hivyo dharura ikija huvunji kitu, na riba zikipanda hujanaswa na ya zamani. Kuvunja amana kabla ya wakati kwa kawaida unapoteza riba yote au sehemu kubwa, mtaji haupungui. Hapo benki ni mpole kuliko bima.

Na msisahau kinga ya amana. Benki ikifilisika, kinga hulipa hadi kikomo fulani kwa mtu mmoja katika benki moja. Kuwa na akaunti tatu benki ileile hakukuongezei kitu, zinajumlishwa. Akiba ikikaribia kikomo, fungua benki ya pili.

Mfumuko wa bei ndio unaoniuma zaidi. Riba 5.1 baada ya kodi, bei zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, umeongezeka kwa sehemu moja ya kumi ya asilimia. Umelinda, hujakuza. Na hilo halina tofauti kwa bima, maana riba yake ya kweli tumeshaona ni 5. Ile 2,400,000 ya familia nayo haipandi na bei.

Karani_wa_Bima

Naongeza upande wa mkataba wenyewe, kwa sababu watu husoma kipeperushi na kusaini mkataba.

Omba jedwali la mwaka kwa mwaka. Kila kampuni makini inalo. Lazima liwe na safu hizi: mwaka, jumla uliyochanga, thamani ya kuvunja (yaani utakachopewa ukijitoa mwaka huo), thamani iliyodhaminiwa mkataba ukiiva, na thamani inayokadiriwa. Wakala akikuonyesha safu ya mwisho peke yake, mrudishe akalete jedwali zima. Ukikaa nalo, weka rula kwenye safu ya thamani ya kuvunja na ushuke nayo hadi mwaka inapoipita jumla ya michango yako. Mwaka huo ndio unaokuambia mkataba unaanza kukulipa lini. Mara nyingi mistari ya mwaka wa kwanza na wa pili ni sifuri tupu.

Kuhusu dhamana na makadirio, msichanganye. Riba iliyodhaminiwa kampuni inadaiwa. Inayokadiriwa ni matumaini tu. Na hata dhamana hubadilika kwa mikataba mipya. Ujerumani, kwa mfano, kiwango cha juu cha dhamana kinachoruhusiwa kwa bima za maisha kilikuwa asilimia 4 kuanzia 1994 hadi 2000, kikashuka hatua kwa hatua hadi 0.25 mwaka 2022, kikapandishwa hadi 1 mwaka 2025. Aliyesaini 1995 bado ana 4 yake. Ndiyo maana mkataba wa zamani wenye dhamana kubwa hauvunjwi ovyo, hata wakala akija na "bidhaa mpya bora".

Bonasi nazo, yaani sehemu ya faida ya kampuni unayoongezewa, ni za aina mbili. Ya kila mwaka ikishatangazwa na kuongezwa kwenye mkataba wako, kwa kawaida hainyang'anywi ukifika mwisho. Bonasi ya mwisho inatolewa siku mkataba unapoiva na inaweza kuwa sifuri.

Kifungu kimoja ambacho benki haiwezi kukupa kwa bei yoyote ni cha kusamehewa michango. Ukipata ulemavu ukashindwa kufanya kazi, kampuni inakulipia michango hadi mwisho na akiba inaendelea kukua. Kwa mtu wa miaka 40 mwenye miaka 20 mbele, kifungu hiki naona kina uzito kuliko malipo ya kifo. Angalia maana ya "ulemavu" walivyoiandika: kushindwa kufanya kazi yako, au kushindwa kufanya kazi yoyote ile duniani? Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo inayoamua utalipwa au hutalipwa. Angalia pia miezi ya kusubiri kabla msamaha haujaanza.

Fomu ya afya ijaze mwenyewe, kwa mkono wako. Usimwachie wakala aweke "hapana" kila mahali ili mambo yaende haraka. Shinikizo la damu lililofichwa leo ndilo sababu ya familia kunyimwa malipo mwaka wa pili, na wakati huo aliyejaza hayupo kueleza.

Ukikosa mchango mmoja kuna muda wa neema, kwa kawaida siku 30. Ukipita, mkataba unakufa, au kama umeshafikia miaka iliyotajwa, unageuka kuwa mkataba usiochangiwa: unabaki hai kwa kiasi kidogo, hulipi tena, unangoja uive. Watu wengi hawajui njia hiyo ipo, wanakimbilia kuvunja. Na kama una uwezo, lipa mara moja kwa mwaka, maana kulipa kila mwezi makampuni mengi huongeza asilimia kadhaa juu.

Mnufaika muandike kwa jina kamili na uhusiano, usiandike "mke wangu" au "watoto" peke yake. Mtoto mdogo akiandikwa bila msimamizi, fedha inakwama hadi taratibu za mahakama ziishe.

Njia_Panda

Samahani kuingilia uzi. Bima ya namna hiyohiyo, imeshalipiwa miaka mitatu, na sasa mwenye nayo amezinduka kuhusu makato. Avunje apeleke benki?

Hesabu_Kwanza

Swali zuri, na jibu lake huwashangaza wengi. Mwaka wa tatu makato makubwa yameshapita, hayarudi ukivunja wala ukiendelea. Unachopima sasa ni mbele tu.

Kwa mfano wetu: akiba ni 277,000, faini ya kuvunja tuseme asilimia 10, mkononi anabaki na karibu 250,000. Aiweke benki pamoja na 10,000 ya kila mwezi kwa miaka 17 iliyobaki, kwa 5.1 baada ya kodi. Anafika kama 3,830,000. Akiendelea na bima anafika 4,123,000. Kuvunja kumemgharimu kama 290,000. Kama benki yake haikatwi kodi, apate 6 kamili, anafika 4,223,000, na hapo kuvunja kunalipa, ila kwa laki moja tu, na ulinzi umeondoka.

Kwa hiyo mkataba ambao usingefaa kuuanza unaweza kufaa kuumalizia. Achukue barua ya thamani ya kuvunja ya leo, barua ya makato yaliyobaki, arudie hesabu hii kwa namba zake. Na kama tatizo ni kwamba mchango umemwelemea, aulize kwanza kuupunguza, au kuugeuza usiochangiwa kama alivyosema Karani.

Mtunza_Kitabu

Mmezungumza miaka 20 ya kuweka. Hamjagusa miaka ya kula, na hapo ndipo benki na bima zinaachana kabisa.

Tuseme umefika 60 ukiwa na 4,000,000, iko benki kwa asilimia 5. Ukitoa 30,000 kwa mwezi, inaisha baada ya miaka 16 na miezi mitatu. Una miaka 76. Ukijibana kwa 25,000, inakufikisha miaka 22, una 82. Ukiishi hadi 90, miaka minane hiyo haina fedha. Na ukijibana zaidi kwa kuogopa, unaweza kufa na miaka 70 ukiwa umeishi kwa dhiki huku fedha ipo.

Shida hiyo mtu mmoja hawezi kuitatua, kwa sababu hajui ataishi miaka mingapi. Watu elfu kumi wakiwa pamoja wanaweza, maana kwa wingi wao umri unakadirika. Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, mwaka 1693 alitumia kumbukumbu za vifo za mji wa Breslau kuonyesha namna ya kupanga bei ya malipo ya maisha kwa umri, na msingi wa hesabu hiyo bado ndio uleule. Unakabidhi mkupuo, kampuni inakulipa kila mwezi hadi unakufa. Wanaokufa mapema wanawabeba wanaochelewa. Benki haina chombo hicho.

Ila ununuzi wake hauna kurudi nyuma, kwa hiyo soma taratibu. Malipo yanapanda na bei au yamesimama? 25,000 isiyopanda, bei zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, baada ya miaka 14 ina nguvu ya nusu. Mwenzi wako anaendelea kulipwa ukitangulia, na kwa asilimia ngapi? Kuna kipindi cha dhamana, yaani ukifa mwaka wa pili warithi wanalipwa hadi wa kumi? Kila unachoongeza kinapunguza malipo ya mwanzo, na sawa tu, ndiyo bei yake.

Na uimara wa kampuni upime kama unavyopima nyumba utakayokaa miaka 30. Equitable Life ya Uingereza ilianzishwa 1762. Iliwaahidi wateja viwango vya pensheni ambavyo, riba ziliposhuka na watu kuishi zaidi, ilishindwa kuvibeba. Julai 2000 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikaamua lazima itimize ahadi, na Desemba mwaka huohuo ikafunga milango kwa wateja wapya. Uzee wa kampuni haukuwa kinga.

Mimi ningenunua malipo ya maisha kwa sehemu inayotosha chakula, nyumba na dawa tu, na iliyobaki ningeiacha benki kwenye ngazi ya Mama_Amana, kwa dharura na kwa warithi.

Mchumia_Juani

Nawashukuru sana, wakuu. Nimeomba jedwali na limekuja. Asilimia 6 ni makadirio, iliyodhaminiwa ni 3. Safu ya dhamana mwaka wa 20 inasema 2,969,000. Thamani ya kuvunja mwaka wa 1 na wa 2 ni sifuri. Tatizo ni kwamba wiki iliyopita nimeshasaini na kulipa mchango wa kwanza.

Hesabu_Kwanza

2,969,000 kwa michango ya 2,400,000 ni riba ya kweli ya asilimia 2 na ushee. Hiyo ndiyo sakafu yako. Benki haina sakafu yoyote kwa miaka 20, hilo ni la haki kulisema, lakini kwa 2 na ushee huku nyumbani hakuna anayekutegemea ningejitoa. Wapo wanaokutegemea? Basi linganisha tena na bima ya kifo peke yake pamoja na benki, kwa bei halisi utakayopewa.

Karani_wa_Bima

Usihangaike na wiki moja. Mikataba mingi ya maisha ina siku za kutafakari, mara nyingi kati ya 14 na 30, ambazo unaruhusiwa kujitoa na kurudishiwa mchango, wakikata tu gharama kama za vipimo vya afya. Tafuta kifungu hicho ukurasa wa mwanzo, na uangalie siku zinaanza kuhesabiwa lini. Kwa kawaida ni tangu mkataba ukufikie mkononi, kwa hiyo ile bahasha au barua pepe uliyoletewa nayo usiitupe, tarehe yake ni ushahidi.

Ukiamua kujitoa, usimpigie wakala simu peke yake. Andika barua fupi yenye namba ya mkataba, tarehe ulipoupokea, sentensi moja kwamba unajitoa ndani ya siku za kutafakari, na akaunti ya kurudishia fedha. Ipeleke ofisini kwa nakala mbili, moja waigonge muhuri wa kupokea na tarehe, uondoke nayo. Siku hiyohiyo pita benki usimamishe agizo la kudumu, la sivyo tarehe 1 watakata tena.